Duka Langu Haliko Chini ya Kitovu

Kwa Ndugu Afisa Utamaduni,
Ofisi ya Mji, ghorofa ya juu kabisa.

Kutoka kwa fundi cherehani wa Duka la Stara, jengo hilohilo, ghorofa ya chini, mlango wa bluu.

Kuhusu: Ombi la kuondoa, kuhamisha au kuvisha nguo kitovu kilichotundikwa juu ya mlango wangu, kabla ya Jumamosi

Ndugu Afisa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini u mzima, na kwamba ile suti niliyokushonea kwa ajili ya uzinduzi haijaanza kukubana. Mimi mwili hauna neno, ila roho imo kwenye kikaango. Najua ningeweza kupanda ngazi nikakueleza kwa mdomo, maana tunatenganishwa na ghorofa moja tu iliyojaa viti vya mikutano. Nilipanda. Katibu muhtasi wako akaniuliza ninatoka wapi, nikamwambia, akajiziba uso kwa faili na mabega yakaanza kumcheza. Nikashuka. Karatasi angalau haicheki.

Nianze kwa kusema kwamba sina ugomvi na sanaa. Huyu kijana msanii, ambaye mtaa mzima unamwita Pikseli, namheshimu. Nimeelezwa anavyofanya kazi: anapiga picha sehemu ya mwili wa mtu, anaiingiza kwenye kompyuta, anaikuza mpaka kitundu cha kinyweleo kinaonekana kama kisima, kisha anaichapa kwenye turubai la ukubwa wa nyumba. Sikio alilotundika Posta nimeliona na nimelipenda. Watu wanaopanga foleni pale sasa wana kitu cha kutazama na hawagombani tena. Unyayo ulioko stendi umemletea neema muuza viatu aliye chini yake. Kiganja cha benki kimefunguka wazi kama kinachoomba, na wateja wanasema hakuna picha ya kweli kuliko ile.

Balaa lilianzia kwenye tangazo lenu la kutafuta msanii. Mliandika kwamba kazi kubwa kuliko zote iwe "kitovu cha mji". Sisi wasomaji wa kawaida tulielewa kwamba itatundikwa hapa katikati, penye maduka na ofisi. Pikseli akaelewa alivyoelewa. Akazunguka mitaani na kamera, akakusanya vitovu vya wakazi, akavichanganya kwenye kompyuta vikawa kimoja, akaleta kitovu cha mji. Kisheria hana kosa. Mngeandika "moyo wa mji", leo ningekuwa nashona chini ya moyo na barua hii isingekuwepo.

Sasa naomba uniruhusu nitaje malalamiko yangu kwa namba, ili kama mtayajibu mjue mnajibu lipi.

1. Anwani. Tangu nifungue duka hili, watu walielekezana hivi: Stara, mkabala na duka la dawa. Ilikuwa anwani fupi na safi, unaweza kuitaja mbele ya mtu yeyote. Leo hakuna anayekumbuka duka la dawa. Ukimuuliza mpita njia nilipo, atakujibu bila hata kupepesa macho kwamba mama yule yupo chini ya kitovu. Wewe ni mtu wa utamaduni, Ndugu Afisa, huhitaji nikueleze kile ambacho Mswahili anakielewa akisikia maneno hayo. Muuza vitambaa wa jumla ameandika kwenye robota langu, kwa kalamu nene nyekundu, MZIGO WA MAMA CHINI YA KITOVU, na robota hilo likapitishwa sokoni juu ya mkokoteni, taratibu, kwa sababu gurudumu lilikuwa bovu. Juzi mwenyekiti wa kwaya ametangaza kwa kipaza sauti kwamba wanaotaka kupimwa majoho waende chini ya kitovu baada ya mazoezi. Nimeambiwa sauti ya nne ilicheka mpaka wimbo ukavunjika, na mwenyekiti hajui mpaka leo alichokosea.

2. Kelele. Picha peke yake ingetosha kunimaliza, lakini Pikseli anasema mwili usio na sauti ni maiti. Basi ameweka spika mbili nyuma ya turubai, na kila baada ya muda tumbo linanguruma. Spika moja iko sentimita chache juu ya kichwa changu. Wateja wanadhani ni mimi. Mama wa duka la dawa, mtu wa huruma sana, ameniletea dawa ya minyoo na akakataa kabisa kusikia maelezo yangu. Mwingine ameniachia mkate juu ya cherehani akaondoka kimyakimya. Wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti nampima wakili mmoja urefu wa suruali. Tumbo likanguruma kwa kirefu, likapumzika, likamalizia. Yeye akanitazama, mimi nikamtazama, kila mmoja akamsamehe mwenzake moyoni. Suruali iko tayari, imepigwa pasi, na wakili hajaja kuichukua mpaka leo.

3. Kazi yangu. Ndugu Afisa, mimi ni mtu wa kusitiri. Ndiyo kazi niliyofundishwa na mama yangu, na ndiyo sababu duka linaitwa Stara. Mtu huingia kwangu na tumbo lake, mgongo wake, bega moja lililoshuka kuliko jingine, nami naukata mshono hivi au vile, anatoka akiwa kama alivyotamani kuwa. Yote niliyoyaona nimeyameza. Kiuno chako, kwa mfano, kinajulikana kwangu, kwako na kwa Mungu. Sasa fikiria fundi wa kusitiri anafanya kazi chini ya tumbo lililo wazi, lenye vinyweleo kama miwa na kovu lenye upana wa mlango. Ni kama muuza miavuli aliyejengewa bomba la mvua juu ya meza yake. Nilipomweleza Pikseli, alinijibu kwa adabu kwamba wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilimwambia nimezaa wanne na sikuwahi kumwonyesha mpita njia hata kifundo cha mguu. Akaandika maneno yangu kwenye simu yake. Naogopa atayafanyia picha.

4. Mume wangu. Hili naliandika kwa shida. Mzee wangu ni msoma mita za maji mstaafu, mtu mtulivu ambaye katika maisha yake yote alikuwa haingii kwenye ua wa mtu bila kubisha hodi. Kumbe Pikseli alipokuwa akipita na kamera yake, mzee wangu alifungua vifungo vya shati bila kunishauri. Kitovu chake kimo humo. Sasa kila asubuhi anatoka na fimbo, anasimama barabarani, na kumwonyesha kila mwenye muda mahali alipo: pale pembeni, karibu na dirisha la stoo, ule mkunjo wa juu. Muuza nyama naye anadai mkunjo huohuo ni wake. Wameacha kusalimiana. Wanaume wenye akili zao, waliokuwa wakijadili bei ya saruji, sasa wanajadili mikunjo.

Na si wao tu. Mke wa muuza magodoro alikuja akatazama kwa makini, akakitambua kitovu cha mumewe upande wa kulia. Hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba palikuwepo mwanamke mwingine pembeni yake, na yeye akakitambua. Hiyo sanaa ilizungumziwa mbele ya mlango wangu kwa sauti ambayo hata spika hazikuweza kuishinda, na mimi ndiye niliyetoa kiti na maji.

5. Wakwe. Hapa ndipo penye kidonda, na yote niliyoandika hapo juu unaweza kuyasahau ukilikumbuka hili moja.

Binti yangu wa mwisho, muuguzi, amepata mchumba. Ni fundi wa lifti, kijana mpole anayeinama hata akisema shikamoo kwa simu. Nimempenda kabla sijamwona mara ya pili. Wazee wake walikuja Jumamosi iliyopita kuleta posa: baba yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye inasemekana hajawahi kucheka mbele ya mwanafunzi, na shangazi yake, ambaye ndiye kauli ya mwisho katika ukoo ule. Tunaishi vyumba vya nyuma ya duka, kwa hiyo nilikuwa nimefunika vyerehani kwa shuka jeupe na kupanga viti. Wakapotea kwenye njia panda. Baba mkubwa akampigia simu mume wangu kuuliza njia, na akaweka sauti ya juu ili shangazi naye asikie.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mzee wangu, kwa furaha ya kupokea wageni, aliwaambia hivi, nami nilikuwa nimesimama palepale na sinia mkononi: "Njooni moja kwa moja, msione haya, sisi tuko hapa chini ya kitovu cha mama. Ingieni tu, mlango uko wazi."

Gari liligeuza. Tuliliona kwa mbali likigeuza.

Binti yangu aliingia kwenye kijichumba cha kujaribia nguo, akavuta pazia, akakaa humo mpaka jioni. Hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nimeshona magauni ya harusi ya mabinti wa mji huu mzima, nimewafunga vifungo vya mgongoni huku mama zao wakilia, nikijiambia kuna siku na mimi nitalia hivyo. Kitambaa cha binti yangu kimo sandukuni tangu akiwa shuleni. Ndugu Afisa, sitaki kitambaa kile kizeeke kwa sababu ya turubai.

Kijana wa watu ameomba, amepiga magoti, ameleta watu wa kumwombea. Mwishowe wazee wamekubali kurudi Jumamosi hii, kwa sharti moja alilolitamka baba mkubwa mwenyewe: watakuja ikiwa familia ya binti itawapa anwani ya watu wenye adabu. Anwani hiyo sina. Nimejaribu kusema mkabala na duka la dawa. Wameulizia barabarani, na watu wakawatafsiria.

Kwa sababu hizo naleta maombi yafuatayo, nikianza na lililo rahisi.

Ombi la kwanza: kiondolewe. Nakumbuka barua yangu ya awali mliijibu kwa mstari mmoja, kwamba Ofisi haioni tatizo. Siwalaumu. Ofisi iko juu ya kitovu. Mtu aliyekaa usawa wa kifua huona mbali, hupata upepo, na akitaja anapofanya kazi hakuna anayeziba uso kwa faili. Sisi tulio huku ndio tunaojua kunavyofanana.

Ombi la pili: kama hakiwezi kuondolewa, kivishwe. Niko tayari kukishonea shati bure, ninyi mtoe kitambaa tu. Nimeshapiga hesabu ya vifungo na nimeona vifuniko vya sufuria kubwa vitafaa, vikitobolewa vizuri. Nitaacha kijidirisha chenye zipu ili wapenzi wa sanaa wafunguliwe kwa miadi. Swali pekee lililobaki ni kama shati lichomekwe au liachwe nje, na hilo nawaachia Ofisi kwa kuwa ni jambo la sera.

Ombi la tatu: kama kuvisha ni kuingilia uhuru wa msanii, basi tubadilishane vyumba. Mimi nipandishe vyerehani vyangu, nanyi mshushe mafaili. Kwa kuwa Ofisi haioni tatizo lolote na mahali hapa, nina hakika mtahamia kwa furaha, na bango la "Ofisi ya Utamaduni, Chini ya Kitovu" nitawachorea mwenyewe.

Ombi la nne: kama kuhama ni kazi, lugha ndiyo ihamishwe. Waandikieni wanaotunga kamusi, watangaze kwamba katika mji huu, kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumapili, neno "chini" likitajwa pamoja na kitovu lina maana ya "karibu na". Baada ya hapo wanaweza kulirudisha. Sihitaji lugha nzima, nahitaji siku tatu.

Ombi la tano na la mwisho: kama yote hayo yameshindikana, basi haki itendeke kwa wote. Pikseli apewe turubai za kutosha na kila mlango upewe kiungo chake. Duka la dawa lipewe kwapa. Muuza nyama apewe paja, hatakosa la kusema. Muuza magodoro apewe mgongo, maana ndio anaowaonyesha wengi. Na mlango wa Ofisi yako upewe kile kinachofuata ukishuka kutoka kitovuni. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Aibu ya wengi, nadhani, itatufikisha angalau kwenye uchumba.

Nitashukuru nikipata jibu kabla ya Ijumaa. Ukimtuma mtu kulileta, mwambie asiulize njia.

Nisalimie mkeo, mwambie mabega ya gauni lake nimeyapunguza kama alivyotaka. Nisalimie mlinzi wa ngazini, dereva, na mzee wa chai. Nisalimie katibu muhtasi wako, nimemsamehe. Ukikutana na Pikseli kabla yangu, msalimie pia, kwa sababu ni mtoto wa watu na anakonda.

Mimi wako wa chini ya

(samahani, mkono umezoea)

Mimi wako wa ghorofa ya chini,
Fundi wa Duka la Stara

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, nimelazimika kuifungua kwa mkasi. Pikseli amepita hapa mchana huu kurekebisha spika. Nikamshika shati, nikamwambia kwamba nikipewa kibali cha kushona lazima nijue kola ikae wapi, kwa hiyo anionyeshe mbavu ziko upande gani. Akarudi nyuma mpaka katikati ya barabara, akainua kichwa, akaitazama kazi yake kwa muda mrefu. Kisha akaja akaketi kwenye kizingiti changu kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Waliotundika turubai walianza na ncha isiyo yake. Picha iko kichwa chini, miguu juu. Mbavu zimeelekea huku kwangu, na kule paani ndiko yanakoanzia mapaja. Hakuna aliyegundua, hata mume wangu, ambaye mkunjo anaoutetea kwa fimbo sasa umethibitika kuwa wa muuza nyama.

Kijana amelia kidogo. Ameniapia kwamba kesho alfajiri ataleta watu, ageuze kazi yake kimyakimya. Nimempa maji, nikamshauri kama mama kwamba sanaa ya kweli haigeuzwigeuzwi, na ngazi zake alizopandia kwenye spika nimezifungia stoo kwangu.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, naomba malalamiko yote yaliyo juu yachukuliwe kama hayajaandikwa, na maombi yote matano yafutwe, hasa la tatu. Kitovu kibaki kilivyo. Nimeshampigia simu baba mkubwa, nimempa anwani yetu mpya: Duka la Stara, juu ya kitovu, upande wa moyo. Ameirudia mara mbili, shangazi akisikiliza, na wakakubaliana kwamba hiyo ni anwani ya watu. Jumamosi wanakuja. Kabla ya kukata simu akaniuliza, kwa upole wa mtu aliyefundisha miaka mingi, ni nani basi anayekaa chini ya kitovu. Nikamwambia ni Ofisi ya Mji. Akasema hilo yeye alikuwa akilihisi siku zote.